Mtoto Amepata B

Orodha ilitoka saa nne na dakika kumi na saba usiku, saa ambayo watu wenye akili zao wamelala na wazazi wa watoto wa hoki wamekaa ukingoni mwa kitanda, simu mkononi, wakiifungua na kuifunga kama mlango wa friji la mtu mwenye njaa.

Haina majina. Ina namba tu, zile walizovalishwa watoto siku za mchujo, ili mzazi asione haya mbele za watu. Anaona haya peke yake gizani. Wangu alikuwa 47. Nikaanza juu kabisa, timu ya AA: 41, 44, 46, 52. Nikarudia, maana huenda karani alikuwa na usingizi, akairuka 47 na kuiweka mwisho. Hakuiweka mwisho. Nikashuka A. Hamna. Nikashuka BB. Hamna. Nilimkuta B, wa pili kutoka chini. Najua namba zilipangwa kwa kufuatana, na kwamba ikishatoka 47 ilibaki 51 peke yake. Hata hivyo niliichukua nafasi ile kama tusi.

"Ameingia?" mama watoto akauliza kutoka chini ya blanketi.

"Ameingia."

"Wapi?"

"Ndani."

Akanyamaza kidogo, halafu akageukia ukutani. Tumeoana miaka kumi na minne. Anajua jibu la neno moja lina uzito gani.

Niwaeleze wenzangu mlio nyumbani, ambao hoki kwenu ni mpira wa magongo unaochezwa kwenye nyasi na watu wenye viatu vya kawaida. Hapa Ontario tunakoishi, hoki ni ya barafu, na watoto hupangwa kwanza kwa umri: chini ya miaka 7, chini ya 9, chini ya 11, hivyo hivyo hadi 18. Kisha, wakikua kidogo, hupangwa kwa herufi. Juu kabisa kuna AAA, inafuata AA, halafu A, halafu BB, halafu B. Nilipozisikia mara ya kwanza nilidhani ni betri. Na hapo ndipo nilipopotea, kwa sababu kwenye betri AAA ndiyo ile nyembamba ya rimoti, na nikajisemea basi wangu nimtafutie ile nene ya tochi. Klabuni kwetu chini ya B ni ligi ya mtaa, ambako kila aliyelipa anacheza. Jirani yangu, mzee wa Kikanada aliyelea wachezaji watatu, alinifafanulia kwamba B ni timu ya mwisho ambayo mtu bado ameketi akakuchagua. Alinifafanulia kwa sauti ya mtu anayetoa pole matangani.

Mimi ni mtu wa Voi. Barafu niliyokulia nayo ni ya kunyonya: kifuko cha plastiki, maji ya ukwaju yaliyoganda, unang'ata pembe moja na kuinyonya njia nzima mpaka kengele ya shule. Haikumpitia mtu akilini kwamba barafu ni kitu cha kusimama juu yake, seuze kukimbia juu yake na visu miguuni huku wenzako wameshika magongo. Kwa hiyo naomba mnielewe: hili balaa sikulitafuta. Lilikuja na kadi ya mwaliko. Mtoto wa darasani kwao alifanyia sherehe ya kuzaliwa kwenye uwanja wa barafu, kijana wangu akapewa kigari cha plastiki cha kujishikilia, akaanguka mpaka nikaacha kuhesabu, na kila alipoanguka aliinuka akicheka. Garini akasema anataka kucheza hoki. Nikasema sawa, kama unavyomwambia sawa mtoto anayetaka kuwa twiga.

Miaka miwili baadaye nina begi kwenye buti la gari ambalo siwezi kulieleza kwa watu wanaokula. Ndani yake mna kinga za ugoko, za mabega, za viwiko, za shingo, bukta nene kama godoro, glavu mbili, helmeti yenye wavu, na ile kinga nyingine ambayo tutaiacha bila kuitaja. Vyote vimelowa jasho la mtoto wa miaka tisa, vikakauka, vikalowa tena. Wanaojua ng'onda, yule samaki mkavu wa soko la Mombasa, wamfikirie ng'onda aliyesahauliwa ndani ya kiatu. Januari iliyopita, nje kukiwa na baridi ya kukatisha pumzi, tuliendesha madirisha yote manne yakiwa wazi.

Ugonjwa wenyewe uliniingia polepole. Kwanza nikajua bei ya magongo. Kisha nikaanza kunoa visu vya viatu kwa fundi mmoja maalumu, eti yule mwingine "haelewi mkono wa kijana". Mwisho nikaanza kutafuta nasaba. Nilimketisha mtoto nikamweleza kwamba yeye anatoka kwenye taifa la hoki. Kwamba mwaka 1971, Kombe la Dunia la kwanza kabisa la hoki lilipochezwa Barcelona, Kenya ilimaliza ya nne, nyuma ya Pakistan, Uhispania na India.

"Kwenye barafu?" akauliza.

"Kwenye nyasi."

"Basi hiyo si hoki, Baba."

Nikamhamishia Nairobi, hoteli ya Panari, Barabara ya Mombasa, ambako kiwanja cha barafu kilifunguliwa mwaka 2005, na ambako vijana wa timu ya Ice Lions walijifunza mchezo huu kwenye uwanja usiofikia hata kipimo cha kawaida, wakiwa hawana timu nyingine ya kucheza nayo. Mwaka 2018 waliletwa huku Kanada na wakacheza pamoja na nyota wa NHL, ligi kuu ya hoki ya barafu, Sidney Crosby na Nathan MacKinnon. Hapo mtoto alifungua macho. Akauliza kama mimi pia nilikuwemo. Nikasema karibu.

Sasa mchujo. Ni siku tatu za Septemba, na unalipia. Yaani unatoa hela ili uambiwe mtoto wako hatoshi. Wapimaji wako wanne, wanaketi juu kabisa, mbali na wazazi, karatasi magotini na kahawa pembeni, wana nyuso za maafisa wa viza. Mtoto wako akipita katikati ya watu watatu, hakuna anayeandika. Akianguka, kalamu nne zinatembea pamoja. Sisi wazazi tunasimama chini nyuma ya kioo, kila mmoja akijifanya amekuja tu kuangalia. Kuna baba mmoja alikuwa na saa ya kuhesabia sekunde. Nilimcheka moyoni, kisha nikaona nami nimeandika kwenye risiti ya petroli ni mara ngapi kijana wangu amegusa paki, kile kisahani cheusi cha mpira. Mara sita. Nilihesabu na ile iliyomgusa yeye.

Nami sijui mchezo wenyewe. Niliseme hili kabla mama watoto hajawaandikia. Mpaka leo kuotea kwa hoki kunanishinda. Kuna mstari wa buluu, na kuna mambo yanayotakiwa kuuvuka kabla ya mambo mengine. Filimbi ikilia huwaangalia wazazi wengine kwanza, wakikasirika nami nakasirika. Lakini kutojua mchezo hakujawahi kumzuia mzazi kujua kwamba mtoto wake ameonewa.

Asubuhi ile baada ya orodha nilimwamsha taratibu, nikamketisha mezani, nikamwekea nafaka zake kwenye bakuli kubwa kuliko la kawaida. Nilikuwa nimekesha nikiandaa maneno. Nikamweleza habari za Willie O'Ree, Mweusi wa kwanza kucheza NHL, tarehe 18 Januari 1958, akiwa na Boston Bruins. Nikamweleza kwamba O'Ree alikuwa karibu kipofu wa jicho la kulia, lililopigwa na paki ujanani mwake, na kwamba aliificha siri hiyo na kucheza hivyo hivyo miaka na miaka.

Mtoto akamimina maziwa, akafikiri.

"Kwa hiyo yeye aliona jicho moja akafika NHL," akasema, "na mimi naona mawili, niko wapi?"

"B."

Swali lile sikuliona likija. Nilikuwa nimeshika kitambaa cha machozi, nikasubiri. Akauliza ni namba gani nyingine ziko B. Nikamsomea. Kumbe wao wanazijua namba za wenzao kama tulivyozijua sisi za matatu. "Thelathini na nane! Hamsini na moja! Baba, tuko wote!" Akaacha bakuli, akakimbilia juu kumwambia dada yake. Kitambaa nikapangusia maziwa yaliyomwagika.

Ningeishia hapo kama ningekuwa na akili. Lakini katika hoki ya huku kuna kitu kinaitwa sheria ya saa 24: mzazi mwenye hasira haruhusiwi kumkabili kocha wala kiongozi wa klabu mpaka siku nzima ipite. Wanadhani hasira ni supu, ukiiacha inapoa. Hawajui kwamba kwetu mtu mwenye manung'uniko akipewa saa 24 anakuwa ameshaita ukoo, wazee wameketi, na mbuzi wa suluhu ameshafungwa kwenye mti. Mimi ukoo uko Taita. Nikaandika barua pepe.

Rasimu ya kwanza ilikuwa ya kurasa nne na ilianza na Barcelona 1971. Ilikuwa na kichwa, vijichwa, na aya nzima kuhusu yule mpimaji aliyekuwa akizungumza kwenye simu wakati mwanangu akifanya jambo lake zuri la pekee. Kabla ya adhuhuri niliifupisha ikawa kurasa mbili, nikawaondoa maafisa wa viza. Jioni nikampa mama watoto aisome. Aliisoma yote akiwa amesimama, mwiko mkononi.

"Wewe shuleni ulicheza nambari gani vile?" akauliza.

"Nilikuwa wa akiba."

"Wa akiba wa nani?"

Nilikuwa wa akiba wa yule wa akiba, na kazi yangu hasa ilikuwa ndoo ya maji na machungwa. Analijua hilo vizuri, kwa sababu nilimwambia mwenyewe wakati wa uchumba, nikidhani ni hadithi ya kuchekesha. Usiichekeshe dunia kwa mambo ambayo utakuja kuyahitaji.

Usiku wa manane nikagundua hoja ambayo hakuna aliyeweza kuipinga. Kijana wetu alizaliwa tarehe 29 Desemba. Watoto hupangwa kwa mwaka wa kuzaliwa, kuanzia tarehe mosi Januari. Maana yake anacheza na wenzake waliozaliwa Januari ya mwaka ule ule, watoto waliokuwa wakitembea na kuiba sukari kabatini wakati yeye bado ni mate na nepi. Kwenye picha ya timu wao wanaonekana kama wajomba zake. Na hili si la kwangu. Miaka ya 1980 kule Lethbridge, Alberta, mwanasaikolojia Roger Barnsley alikuwa kwenye mechi ya hoki na familia yake, mkewe Paula akawa anasoma kile kijitabu chenye tarehe za kuzaliwa za wachezaji, akamwonyesha: wengi mno ni wa Januari, Februari, Machi. Barnsley akaenda kuhesabu ligi baada ya ligi, na hesabu ikasema vile vile. Mtoto wa Januari ni mkubwa kidogo akiwa na miaka tisa, kwa hiyo anachaguliwa. Akishachaguliwa anapata kocha bora na mazoezi mengi. Miaka ikipita anakuwa bora kweli, na watu husema ni kipaji.

Nikamwamsha mama watoto.

"Siku tatu," nikamwambia. "Tungevumilia siku tatu tu."

"Tungevumilia nani na nani?"

"Nasema tu. Kitaalamu."

Aliwasha taa. Akanikumbusha kwamba usiku ule wa tarehe 29 yeye alikuwa na uchungu wa saa kumi na tisa na mimi nilikuwa nimeshuka chini kutafuta chaja. Akaongeza kwamba, kwa maelezo yangu mwenyewe, aliyeliona jambo lile Lethbridge ni mke, na jina lililovuma ni la mume. Akazima taa. Rasimu ya mwisho niliituma saa 24 zikiwa zimeshapita, na ilisema hivi: "Asante kwa kazi yenu. Naomba kujua mazoezi ya B yanaanza lini."

Hapo mambo yangetulia, kama isingekuwa Jumapili, na Jumapili ndiyo siku ya kumpigia Mama. Mama yangu humuuliza mjukuu kabla hajaniuliza mimi. Akauliza kijana yuko aje, nikasema mzima. Akauliza masomo, nikasema yanaendelea. Kisha, kwa sababu jambo lilikuwa bado limenikaa kooni, nikasema:

"Lakini wamempa B, Mama."

Kimya. Nikadhani mtandao umekatika.

"B yenyewe? Si B ya kutoa?"

"B yenyewe," nikasema, na sikudanganya.

Vigelegele vilivyopigwa kule Voi nilivisikia bila simu. Mniwie radhi, lakini Mkenya wa umri wa mama yangu ukimwambia herufi, haulizi ya nini. C ya kujumlisha ni mlango wa chuo kikuu. B ni nyama. Alimwita jirani. Akamwambia kwamba huku kwetu sasa na huo mtaala wao wa CBC watoto wanarudi nyumbani na EE na ME, mtu hujui ni alama au ni mbuzi analia, kumbe Wazungu bado wanatoa B ya kweli. Na kwa Kizungu cha Wazungu wenyewe! Nilifungua mdomo nimsahihishe. Nikafikiria nitaanzia wapi: barafu, visu, kisahani cha mpira, namba mgongoni, betri. Nikaufunga.

Kufikia Jumatano habari zilikuwa zimefika kanisani. Ijumaa chama cha kina mama kilikuwa kimeamua. Jumamosi nikatuma shilingi 10,000 za mbuzi. Kwa hiyo naandika hapa wazi: nimemchinjia mbuzi mtoto wangu kwa jambo lililoninyima usingizi kwa aibu, na risiti ya simu ninayo.

Mechi ya kwanza ya B ilikuwa saa kumi na mbili na nusu asubuhi, saa ambayo ndani ya uwanja kuna baridi kuliko nje na kahawa inaganda kabla haijakufikia mdomoni. Nilienda nikiwa nimejiandaa kuona watoto walioshindwa. Niliwakuta wazazi walioshinda. Kwenye AA, jirani aliniambia, wanasimama wima nyuma ya kioo mechi nzima na hawasemezani. Huku B kuna mama mmoja ameleta blanketi la kujifunika watu watatu, baba mmoja amelala kabisa, mwingine anasambaza maandazi ya kizungu yale yenye shimo. Nami nilikuwa na mahamri ya nazi kwenye chombo, mama watoto aliamka saa tisa akayakaanga, na kufikia mapumziko ya kwanza nilikuwa na marafiki wengi kuliko niliopata katika miaka sita ya kazini.

Kocha wetu ni fundi wa mabomba. Hakuniuliza maoni yangu juu ya wapimaji. Alinitazama, akaniuliza kama naweza kufungua na kufunga mlango. Nikasema naweza. Akanipa kazi ya mlango wa kizuizini, kile kibanda cha kioo anakofungiwa mchezaji aliyefanya makosa, dakika mbili. Ni kazi nzuri. Una kiti chako, uko karibu na mchezo kuliko wapimaji wote, na hairuhusiwi kushangilia, jambo ambalo limeokoa ndoa yangu na lile darasa la mtandaoni la heshima michezoni ambalo angalau mzazi mmoja hulipitia kabla mtoto hajasajiliwa. Mimi cheti ninacho. Nilikichapisha.

Mgeni wangu wa kwanza kizuizini alikuwa mwanangu. Alimtega mtu mguu. Nikamfungulia mlango, akaingia akihema, akaketi, tukatazama mbele kama watu wasiojuana.

"Baba," akasema kupitia wavu wa helmeti, "nyanya alinipigia vigelegele kwenye simu."

"Anafurahi."

"Anafurahia nini?"

"B."

Akafikiri. Saa ya ukutani ilisema dakika moja na sekunde kumi.

"Anajua B ni nini?"

"Anajua vizuri kuliko sisi," nikasema. "Usimwambie kitu."

Akaitikia kwa kichwa, mfungwa mwenye siri. Sekunde zikaisha, nikamfungulia, akatoka kasi, akaanguka pale pale mlangoni, akainuka akicheka.

Tulifungwa 6 kwa 1. Lile moja ni la kwetu, na nitalieleza kwa sababu ni haki yangu. Mtoto wa namba 51 alipiga paki kwa nguvu kuelekea mahali ambapo hapakuwa na goli. Kijana wangu alikuwa amesimama mbele ya kipa, ameinama akirekebisha kitu kwenye kiatu. Paki ikamgonga matakoni, ikabadilisha nia, ikaingia. Mwamuzi akaonyesha kwa mkono: goli. Kwenye karatasi ya mechi limeandikwa kwa jina la mwanangu. Nilikuwa kizuizini, sikuruhusiwa kushangilia. Nilifungua mlango nikaufunga, nikaufungua nikaufunga.

Baada ya mechi sikumpata. Nikatafuta chumba cha kuvalia, nikatafuta mlangoni, nikamkuta kwenye korido nyuma ya mashine ya soda, yeye na wenzake kumi, nusu wamevua, nusu bado na kinga za ugoko, wanacheza tena kwa vigongo vidogo vya plastiki na mpira wa sponji, magoti chini, kelele mpaka dari. Niliwauliza nani anaongoza. Hakuna aliyekuwa akihesabu. Nilisimama pale na lile begi begani, harufu ikinizunguka, nikasubiri nusu saa nzima, na hakuna hata mmoja aliyefikiria kwamba kuna mtu anayesubiri.

Mbuzi aliliwa Jumapili iliyofuata. Walitupigia kwa video. Nilimwona Mama amevaa leso mpya, nyuma yake mti, nyuma ya mti moshi, na kina mama wa chama wote wamepanga mstari. Mchungaji aliomba. Alimwombea kijana aongezewe maarifa. Mama watoto ndiye aliyeshika simu, mimi nilikuwa pembeni, na mtoto katikati, akitazama sahani za watu wa Voi kwa wivu mkubwa. Akaambiwa aseme neno. Akasema, "Asanteni. Nilifunga goli moja." Wakapiga makofi, wakadhani ni baada ya masomo.

Kisha Mama akaichukua simu, akaenda nayo pembeni ya nyumba, mbali na wageni, akaileta karibu na uso mpaka tukaona jicho na nusu ya pua. Sauti ikashuka. Naijua sauti ile. Ndiyo iliyokuwa ikisubiri mlangoni kila muhula, nikija na ripoti nimeikunja mara nne mfukoni.

"Sasa mwanangu, niambie. Kuna walioko juu yake?"

"Wapo, Mama. Wapo wa A. Wapo hata wa AA."

"AA!" Akavuta pumzi. "Na hao wa AA, wana vichwa viwili?"

"Hapana, Mama," nikasema. "Walizaliwa Januari."

Lile jicho likatulia kwenye kioo, likipiga hesabu. Najua mama yangu anazo tarehe za wajukuu wote kichwani, na saa zake.

"Desemba ishirini na tisa," akasema polepole. "Hebu nipe huyo mke wako, nimuulize alikuwa na haraka ya kwenda wapi."

Simu ilikuwa mkononi mwa mke wangu.